Miadi ya Macho ya Mama

Bweni la Wasichana,
Chumba cha 14,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko na baridi yake? Kifua kimepona? Wifi naye hajambo? Mimi mwili mzima, ila hasira zimenikaa kooni, na leo utanisamehe, nazitema zote.

Mama hakufanyiwa upasuaji. Ndiyo, ule wa mtoto wa jicho tuliousubiri tangu mwaka jana. Hospitali sasa haitoi miadi kwa mdomo wala kwa karatasi, yote ni simuni. Ya Mama ni ya vitufe, basi nikaandika namba yangu mimi, msomi wa familia! Ujumbe wa kuthibitisha ukaja Jumanne saa nne asubuhi, ujibiwe ndani ya saa moja. Saa hiyo niko kwenye mtihani, simu imezimwa, imo begini nje ya mlango. Nilipoiwasha, nafasi alishapewa mwingine, na wananishukuru kwa kutumia huduma yao.

Tulikwenda hivyo hivyo. Karani hakuinua hata uso kutoka kwenye kioo chake. "Jina halipo." Na mwenye jina amesimama mbele yake! Tusubiri miezi minane mingine.

Siku hizi kila Jumapili namtungia Mama uzi kwenye sindano thelathini, azishonee wiki nzima. Juzi alikata kitambaa cha mteja kombo, akalia mbele yake. Mama yetu, Kaka, analia mbele ya mteja!

Sasa sikia. Alhamisi darasani tulijadili teknolojia na jamii. Wenzangu wote ni sifa tu, imerahisisha hiki, imeharakisha kile. Nikasimama, nikawasimulia habari za Mama. Mmoja tunayemwita Profesa, kwa sababu ya miwani tu, si akili, akasema wazee wapewe mafunzo. Wakampigia makofi. Mafunzo gani, na mtu haoni? Nilimpa maneno ambayo siyaandiki hapa. Kinachoniuma ni kwamba mwaka jana na mimi ningepiga makofi.

Na wewe usijifiche. Kazi yako ndiyo hizo kompyuta, na ushauri wako ulikuwa nimfundishe Mama kutumia simu kubwa, ukatuma na video. Video, kwa mwenye mtoto wa jicho! Usinitumie nyingine, tafadhali sana.

Kesho siingii darasani. Nakwenda kukaa na Mama kwenye benchi la hospitali mpaka daktari atoke amwangalie. Wakitaka watubebe.

Mama anauliza unakuja lini. Anataka akuone angali anaona. Ukimpigia kwa picha kwenye simu yangu huwa anacheka na kukusifu umenenepa, lakini simu ikikatika ananiambia ameona ukungu tu.

Msalimie Wifi na binti yenu mcheshi. Bibi na Shangazi wanakusalimu. Mungu akulinde njiani, na njiani nimeandika makusudi.

Mdogo wako akupendaye, ingawa amekununia,
Kitinda mimba