Kadi Moja, Muhonja Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Chaki, makamasi, uji. Watoto wa chekechea ishirini na wawili, na mimba ya wiki kumi juu yake. Mmoja alikuja na homa, macho mekundu. Nilimpakata mpaka mama yake alipomjia.

Jumatano, 5 Machi
Yule mtoto ana surua. Muuguzi kaniuliza kama nilimaliza chanjo utotoni. Sijui. Mtu mzima, mwalimu, sijui. Na mwenye mimba hapewi chanjo hiyo. Amenitoa damu, majibu Jumatatu.

Alhamisi, 6 Machi
Navakholo, kwa mama. Kadi ya kliniki anaiweka ndani ya Biblia. Jina: Muhonja. Surua: imetiwa alama. Nilicheka kwa furaha. Kisha nikaona tarehe zimefutwa na maji.

Dada yangu alikufa kwa malaria kabla sijazaliwa. Naye aliitwa Muhonja. Nilirithi jina lake, kama kwetu wanavyofanya. Sikujua kwamba nilirithi na kadi.

"Jina ni hilo hilo," mama akasema. "Ningechukua ingine ya nini?"

Nikamuuliza alama ni ya nani kati yetu. Akaangalia chini. Nikamwambia alizaa watoto wawili akalea karatasi moja. Alikuwa amenichinjia kuku. Niliondoka bila kuonja. Nilitaka imuume.

Jumatatu, 10 Machi
Sina kinga.

Nimemtumia mama ujumbe: "Sindano alipata marehemu. Mimi nilipata jina." Hajajibu. Vizuri.

Ijumaa, 14 Machi
Homa. Kikohozi. Shuleni wamenikataza kufika. Namchukia. Najichukia pia, lakini yeye zaidi.

Jumatatu, 17 Machi
Vipele nyuma ya masikio, sasa usoni.

Mama alifika saa nne na boda, na kikapu. Hajautaja ujumbe wangu. Amenipangusa mwili mzima, kisha akasema akiwa amenipa mgongo:

"Ile alama ni ya dada yako. Nimejuanga siku zote. Alinifia mapajani, kwa benchi ya kliniki, tukingoja laini itufikie. Wewe nilikupeleka mara moja tu. Nikaona ile benchi, nikarudi na wewe nyumbani."

Nimekula obusuma, ugali aliousonga, matonge mawili.

Muuguzi amesema kwa simu twende kesho, wamwangalie mtoto tumboni kama bado yuko. Mama amepiga pasi leso yake. Anasema atakaa nami kwenye benchi.