Tofauti ya Juu na Chini

Jumamosi, 1 Machi

Rafu ya jikoni imeanguka. Ile niliyoipigilia mwenyewe wiki iliyopita. Vikombe vinne vimekwenda, pamoja na bakuli la maua la mama mkwe wangu. Alitoka chumbani, akatazama vipande sakafuni, akasema, "Bakuli ni bakuli tu, mwanangu. Mguu wako je?" Mguu mzima. Kilichouma ni aibu.

Mume wangu ni fundi mwashi. Nyumba hii kaijenga kwa mikono yake, na nusu ya mtaa pia. Lakini jikoni kwake mwaka wa tatu huu hajagusa msumari — mganga hajigangi. Jioni kanikuta nafagia. Akasema rafu ilikwenda upande, ningetumia pima maji. Nilitumia! Kipovu kilikuwa katikati kabisa. "Basi kipovu chako kimelewa," akasema, akaenda kuoga.

Nimeamua. Nataka makabati matatu ya ukutani, yaliyonyooka kama rula. Na nitanunua pima maji ya leza, ile inayochora mstari wa mwanga ukutani. Nashona mapazia mwaka wa kumi na tano. Mtu anayenyoosha pindo la mita sita hawezi kushindwa na rafu.

Jumatatu, 3 Machi

Duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji ana miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kwenye paji la uso. Nimempa jina Miwani Miwili. Akanipangia tatu mezani: nyekundu, ndogo kama kipande cha sabuni; ya kijani; na moja kubwa yenye miguu mitatu, inazungusha mstari chumba kizima. Akaziwasha chini ya meza, gizani. Zote nzuri. Nikamwomba twende nazo mlangoni. Akasitasita.

Mlangoni, kwenye jua, mstari mwekundu haukuonekana kabisa. Wa kijani ulibaki.

"Ya kijani inakula betri," akasema. "Kwa kazi za mama wa nyumbani, nyekundu inatosha."

Sikupenda alivyosema. Ila nikachukua nyekundu. Nusu ya bei — najijua.

Jumanne, 4 Machi

Unaiweka mezani, mwanga unayumba kidogo, kisha unatulia wenyewe. Nikapiga mstari wa kusimama kwenye kona ya jikoni. Kona imelala. Nikageukia kona ya pili. Imelala. Fremu ya mlango nayo imelala, upande ule ule. Nyumba nzima kama imeegemea bega la jirani.

Nani mwongo hapa, nyumba au kifaa?

Nikachukua uzi wa cherehani, nikafunga mkasi wangu mkubwa, nikauning'iniza kwenye boriti ya dari. Uzi wenye uzito hauna upande. Nikapiga mwanga juu yake. Juu vimegusana, chini vimeachana upana wa kidole.

Kifaa ndicho kibovu. Nimecheka peke yangu. Rahisi ghali.

Jumatano, 5 Machi

Nimeirudisha. Miwani Miwili hakuigusa hata. "Kifaa hakina kosa, mama. Labda nyumba yako ndiyo imepinda." Wateja wawili wakacheka. Uso wote ukawaka moto.

"Nyumba kaijenga mume wangu," nikasema. "Na unamjua."

Nikatoa uzi na mkasi kwenye mkoba, nikapanda kwenye kigoda chake, nikafunga kwenye chuma cha dari. Mkasi ulipotulia nikamwambia, washa. Mstari ukaanza na uzi, ukaukimbia njiani. Kicheko kikaisha. Akashusha miwani ya pili, akatazama, akavuta ya kijani kutoka kwenye rafu.

Sikuondoka nayo hivyo hivyo. Nilipima tatu za kijani pale pale. Ya pili ililala juu ya uzi toka juu hadi chini, huwezi kujua uzi upi na mwanga upi. Nikaongeza pesa iliyopungua, nikaondoka nayo.

Alhamisi, 6 Machi

Kuta tatu za jikoni zimesimama sawasawa. Mwanga ulilala kwenye kona kama umechorwa na mume wangu mwenyewe siku anajenga. Nilijisikia fahari, kweli. Nikasema jioni nitamwambia.

Kisha ukuta wa nne. Ule unaotenganisha jikoni na chumba cha Mama.

Nikapiga mstari wa kusimama kando ya ukuta, nikashika rula kutoka ukutani hadi kwenye mwanga. Juu, sentimita kumi na mbili. Chini, kumi. Nikapima mara nne. Tofauti ya milimita ishirini, haibadiliki. Ukuta umeinama kuelekea chumbani.

Ndipo nikaanza kuona vitu. Rangi ya ukuta huo haijapauka kama kwingine, maana plasta yake ni mpya. Ilipigwa lini? Na mlango wa Mama — Januari ulikwama, mume wangu akaupiga randa. Mwaka juzi vilevile.

Wakati wa chakula nikamwambia zile namba. Akaacha kutafuna.

"Plasta ni nene chini," akasema.

"Plasta nene haikwamishi mlango."

"Usianze." Akasukuma sahani. Baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, akaniomba nisitoboe ukuta ule. Makabati yakae upande mwingine. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Ile methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Imekaa kati yetu mezani hadi tukaondoa vyombo.

Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu Ijumaa. Nimebandika utepe sakafuni ili kifaa kikae pale pale kila siku. Leo ni milimita ishirini na tatu.

Nikaning'iniza mkasi tena. Kifaa ni kizima. Siku ile dukani niliomba kiwe kizima. Leo ningefurahi kikiwa kibovu.

Mama akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Unapima nini kila siku, mwanangu?"

"Makabati, Mama."

Miaka kumi na moja tunaishi naye, sijawahi kumdanganya hata kwa chumvi. Kitanda chake kichwa kimegusa ukuta huo huo. Anapenda hapo kwa sababu anasikia nikipika.

Jumanne, 11 Machi

Ishirini na sita. Nimeacha pazia la mteja kwenye cherehani, sindano ikiwa bado kitambaani, nikaenda kazini kwa mume wangu.

Alikuwa juu ya jukwaa. Aliponiona akashuka. Sikumsalimu.

"Ishirini na sita," nikasema.

Akakaa juu ya rundo la matofali, akavua kofia. Kisha yakatoka yote, taratibu, akiangalia viatu vyake. Upande ule wa kiwanja palikuwa na shimo la zamani, limefukiwa takataka. Aliliona siku ya kuchimba msingi. Ilitakiwa ashuke chini zaidi, afike kwenye udongo mgumu. Lakini mvua ilikuwa inakuja, na Mama alikuwa kwenye chumba kinachovuja, anakohoa, kila siku anauliza, nyumba lini? Akamwaga zege juu juu. Akasema atarudi kuimarisha.

"Kila mwaka nasema mwaka huu," akasema. Ufa ukitokea anauziba nikiwa nimekwenda kununua vitambaa. Mara mbili.

Mimi nililala miaka yote hii na mtu anayejua.

"Leo Mama anahama chumba," nikasema.

"Ukimhamisha atauliza. Nimwambie nini, kwamba nimemlaza juu ya shimo? Nipe hadi Alhamisi. Nitaleta nguzo niutegemeze kwanza, ndipo nimwambie mwenyewe."

Msaidizi wake akaita kutoka juu, "Fundi, hii imenyooka?" Akaita tena.

Nimempa hadi Alhamisi. Nimefanya vibaya, najua.

Jumatano, 12 Machi

Ishirini na saba. Nimemwambia Mama aje alale sebuleni, nimsomee barua za dada yake. Amecheka. "Barua zile nazijua kwa moyo." Kalala kwake. Mimi nimekaa na kifaa mapajani.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi, ishirini na nane. Saa nane mchana, thelathini na moja. Nikampigia mume wangu simu, nikasema namba tu, nikakata.

Kaja na nguzo tatu za mti begani, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Mbili zimeingia vizuri, kaziegemeza ukutani. Ya tatu fupi. Tukaamua kitanda kitoke kwanza. Tumekivuta hadi mlangoni, na mlango umekwama nusu. Sasa kitanda nusu kiko sebuleni, nusu chumbani, hakiendi mbele wala nyuma.

Mama, aliyekuwa sebuleni, akapita juu ya kitanda, akarudi ndani tukiwa tunahangaika na mlango, akakaa kwenye nusu ya chumbani. Mikono mapajani.

"Mnanihamisha kwa nini?"

Nikafungua mdomo. Makabati, nilitaka kusema, makabati yanahitaji nafasi. Akaniinulia kidole.

"Wewe nyamaza, mwanangu. Umenijibu makabati siku nne. Nenda kwenye cherehani yako. Huyu ndiye aliyejenga."

Kwa hiyo niko kwenye cherehani, hatua nne kutoka kwao, naandika kwa sababu nimekatazwa kusema. Nawaona kwenye upenyo wa mlango. Nyuma ya kabati lake la nguo plasta inadondoka, chembe chembe, kama mchele kwenye sinia.

"Mama, shuka kwanza," anasema.

"Sishuki. Sema."

"Shuka, nitasema ukiwa huku."

"Utasema nikiwa hapa hapa. Ukisema haraka, nitashuka haraka."

Mume wangu ameiacha nguzo fupi ianguke. Amepita juu ya kitanda kwa magoti, amekwenda kusimama kati yake na ukuta, mgongo ukutani, mikono kaitandaza huku na huku kana kwamba angeweza kuuzuia. Hajawahi kuwa mdogo hivyo.

"Mama," anasema. "Ule mwaka wa mvua. Ulipokuwa unakohoa."

Mama anamtazama tu.

"Hapa ulipokaa. Chini yake —"

Amekoma. Anaanza tena, kutoka mwanzo, kutoka kwenye kikohozi.