Alama Nyekundu kwenye Injini

Jumatatu, 4 Mei
Mjinga! Nimemwambia usoni na hapa naandika tena: fundi mjinga! Nani alikutuma kufuta ile alama?

Asubuhi nimemwachia pikapu aangalie kwa nini inazimika njiani. Narudi kutoka dukani, injini inang'aa kama sahani ya mgeni. Ameisugua kwa petroli na brashi. Kisha akachomoa distributa, kile kichwa kinachogawa moto kwenye plagi. Ile alama ya rangi ya kucha, nusu kwenye shingo ya distributa, nusu kwenye injini, haipo! Eti alidhani ni uchafu. Rangi ya kucha zangu hiyo! Mzee, mume wangu, aliipaka tangu enzi ambazo nilikuwa na kucha za kupaka.

Sasa bila alama ya kuonyesha ikae wapi, distributa imerudishwa kwa kukisia. Ukipiga stata gari linapiga chafya, linatema moshi kwenye kabureta, linanyamaza.

Na mjukuu wangu yuko kwenye mwezi wake. Daktari alimwonya mtoto amekaa vibaya, uchungu ukianza tu ateremshwe hospitali. Mumewe yuko safarini. Mvua imeila barabara, teksi zote zinageuzia darajani. Kinachopanda huku ni pikapu yetu tu. Basi.

Jumanne, 5 Mei
Huyu fundi wanamwita Skana, kwa ajili ya kile kimashine cha kusoma hitilafu za magari anachokivaa shingoni kama daktari. Leo amezunguka gari lote akitafuta pa kukichomeka. Nikamwambia, mwanangu, hata ukikichomeka kwenye sikio la mzee hakitasema kitu. Akacheka. Kisha hakucheka tena.

Anasema magari aliyofundishwa hayana vitu hivi, kompyuta ndiyo inayoamua moto uruke saa ngapi. Humu ni vidomo viwili vya chuma, pointi, vikiachana moto unaruka. Vikiwahi, balaa. Vikichelewa, balaa.

Amepiga simu kwa wenzake gereji za mjini. Wote wanasema tupa, funga injini nyingine. Mmoja kamuuliza, pointi ndiyo nini? Skana akakata simu, akasema kwa sauti hii ni skrapa, chuma cha kuuza kwa kilo.

Alhamisi, 7 Mei
Mzee hataki kutoka nje. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, mume wangu anaona ukungu tu. Lakini masikio yake! Nikifungua kopo la sukari jikoni anauliza kijiko cha ngapi hicho. Ameketi sebuleni, Skana huko nje kapiga stata, Mzee akasema, "Imekaa kinyume. Moto unaruka wakati mlango wa silinda uko wazi." Nikamwambia, toka ukamwambie. Hataki. Eti aliyeliita gari lake skrapa hawezi kumfundisha.

Nikamvaa. Skrapa ni wewe! Miaka yote ile ukifika kwenye taimingi, kupanga moto uruke saa ngapi, ulikuwa unawafukuza wanafunzi wako, nendeni mkanunue sabuni. Unafunga mlango wa gereji, tunabaki mimi na wewe. Mimi na spana nazungusha injini polepole, wewe umeinama unatazama, unasema "hapo!" Kuzungusha najua. Ulichokuwa unakitazama sikijui. Nani anakijua? Wewe na macho yako hayo?

Amegeukia ukutani. Chai nimeinywa peke yangu.

Ijumaa, 8 Mei
Mvua. Mjukuu anaumwa kiuno. Anasema si kitu, Bibi. Muongo — maneno yanamkatikia mdomoni.

Jumamosi, 9 Mei
Uchungu! Umeanza kabla hata sijabandika maji.

Skana kaja mbio, matope hadi magotini. Mjukuu kaegemea mlango wa pikapu, kauma kanga. "Bibi, litawaka?" Mzee kamsikia. Nikamwona huyo anatoka, mkono ukutani, hakungoja kushikwa.

"Mzee, nisamehe kwa lile neno," Skana akasema.

"Neno haliwashi gari. Toa plagi ya kwanza. Ziba tundu kwa kidole gumba."

Nikashika spana. Nikazungusha. Skana akapiga kelele, "Inasukuma kidole, Mzee!" Pumzi ya silinda hiyo. Nikaleta kikato cha puli, lile gurudumu la mbele ya injini, kwenye alama yake ya kiwandani, nikasimama. Mzee akauliza rota, kile kidole kinachozunguka ndani ya distributa, inatazama wapi. Kumbe imeipa mgongo waya ya plagi ya kwanza! Kinyume kabisa, kama alivyosikia toka sebuleni. Wakachomoa distributa, wakageuza.

Halafu akamshikisha Skana waya ya koili, ile inayoleta moto, karibu na chuma. Geuza shingo ya distributa taratibu, cheche ikiruka kaza hapohapo. Ta! "Umepita!" Ta! "Umepita tena, una haraka ya kwenda wapi?" Mjukuu kaguna huko nyuma, sote tukajua haraka ni ya kwenda wapi.

Mara ya mwisho Skana hakupumua. Ta. Akakaza. Mzee akasema "stata" tu — kwake hiyo ni sifa.

Tukapiga stata. Ikashika! Ikanguruma, ikatetemeka, ikafa. Mzee anasema imewahi kidogo, irudishwe unywele. Tukapiga tena — betri hoi. Mastata yale ya wiki nzima!

Skana kakimbilia darajani kuchomoa betri ya gari lake mwenyewe aliloliacha huko. Naandika nikimngoja, mjukuu kanishika goti, ananibana kila maumivu yakija. Yanakuja karibukaribu sasa. Mzee ameinamia injini, anapapasa, midomo inatembea. Namwambia, sema kwa sauti! Siri hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Skana huyo anapanda, betri begani. Haya. Mzee asiguse kitu, aseme tu. Mimi na spana. Skana atazame. Boneti na mlango wa gereji viachwe wazi, anayepita na aone. Na ile rangi ya kucha ya mjukuu iletwe hapa: ikishika tu, Skana apige alama kwa mkono wake mwenyewe, ndipo mtu aingize gia!