Picha za Bibi Minza na Mdogo Wake

Alhamisi

Nilikiona. Siku ile kijijini Segese, kila nikivuta filamu, kile kishikio kidogo cha juu ya kamera kilitakiwa kizunguke, na hakikuzunguka. Maana yake filamu haikushika, haitembei. Nikaendelea kubofya tu, kwa sababu watu walikuwa wananitazama kama mpiga picha kweli.

Leo nimeifuata filamu hiyo mjini, kwa yule mzee wa mtaa wa Kambarage anayesafisha filamu na kuuza skana zilizotumika. Nikawa nachagua skana. Ile kubwa ya kuskani vyeti ni ya bei rahisi, ila haina taa kwenye mfuniko, filamu inatoka giza. Ile ndogo ya filamu peke yake ndiyo naitaka. Mzee akatoka na filamu yangu, akaiinua dirishani.

"Mama Neema, hapa hakuna cha kuskani. Ni tupu mwanzo mpaka mwisho."

Nikasema kamera ni mbovu. Hata yeye nimemdanganya.

Nikiwa njiani kurudi, Bibi Minza wa Segese, niliyekuwa nampiga picha siku ile, akapiga simu. Yeye na mdogo wake wa Geita hawakuwa wameonana miaka mingi, wakashona vitenge sare kwa ajili ya picha hizo.

"Mayu, mama yangu, tumetoka vizuri?"

"Bado zinaskaniwa, bibi."

Akacheka. "Mwenzangu anasema alifumba macho."

Huyo mwenzake, yaani mdogo wake, anarudi Geita Jumamosi. Kwa hiyo kesho naenda Segese, mwanangu Neema mgongoni. Nimeweka filamu mpya, na kishikio kinazunguka. Lakini kwanza nitawaambia kwamba niliona kishikio hakizunguki, nikaendelea kubofya tu. Kamera itabaki mkobani mpaka waniambie wenyewe niitoe.