Mikono Iliyoshika Kichwa cha Mama

Kitaji, Musoma
Jumatano

Kwa kaka yangu Ephraim,

Tumsifu Yesu Kristo. Vipi hali yako huko Guta, wifi yangu naye hajambo, na watoto? Pamba imeota vizuri? Sisi huku tupo, Mungu anatubeba siku kwa siku.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiaga. Nikianza tu, unasema haya nimesikia, halafu kimya. Karatasi huwezi kuikata, kaka. Nimempa Euphrasia wa jumuiya yetu, anapita Bunda kesho, aikabidhi mkononi mwako.

Habari ya Mama kuanguka uliipata, lakini hukuisikia. Alikuwa anafunga ndama pale nyumbani Butiama, kamba ikamzunguka mguu, ndama akaruka, Mama akaenda kichwa mbele kwenye hori la maji. Aliinuka mwenyewe, akajicheka, akasema shingo imekaza kidogo tu. Nilikupigia siku ile ile. Ukaniambia ni mshtuko wa mishipa, aitwe mzee Wanzagi amkande na samli, mbona hata bega lako alilinyoosha likapona. Ukasema unakuja kesho. Kesho yako, kaka, hadi leo sijaiona.

Asubuhi iliyofuata mimi na Stanslaus tukaenda kwa gari la kukodi. Mume wangu, kama mila yetu inavyomkataza kumsogelea mama mkwe, akabaki huko getini, akamwamkia kwa mbali bila kumtazama. Nikampa Mama kikombe cha uji, kikamponyoka. Akasema vidole vina ganzi, kama vya mtu aliyelalia mkono. Akitaka kusimama, miguu inacheza. Na ukigusa mfupa nyuma ya shingo, analia. Mama yetu, analia!

Shangazi Boke akanicheka. Akasema shingo ya mwanamke wa hapa imebeba maji tangu utoto, leo ivunjwe na ndama? Mzee Wanzagi alishafika na chupa yake ya samli, amekunja mikono ya shati. Akasema nyie wa mjini mkiumwa kucha mnakimbilia picha za hospitali. Nikajibu kwa heshima, ila moyo ulikuwa unachemka, kaka. Nilisimama mlangoni mwa Mama, nikamwambia mzee anisamehe, leo hatapita.

Nikampigia Matrida, yule binti wa jirani yetu aliyesomea uuguzi. Alipiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni. Akasema asikandwe, asigeuzwe shingo, asikalishwe, asifungwe nyuma ya pikipiki. Akasema mtu aliyeanguka kichwa, shingo inauma kwenye mfupa, halafu ana ganzi au anaishiwa nguvu, huyo hasubiri kesho ya mtu yeyote. Alazwe chali juu ya ubao, na mtu amshike kichwa kwa mikono miwili, akiwa nyuma yake, bila kukiachia mpaka hospitali.

Tukang'oa mlango wa stoo. Vijana wawili wa jirani wakasaidia kumlaza na kumwingiza kwenye gari, wakarudi nyuma. Walisema hawataki lawama akifia njiani. Shangazi alishaondoka na hasira zake. Nikakishika mimi kichwa. Kaka, mikono ilitetemeka, kichwa cha Mama kikawa kinatetemeka nacho, akapiga yowe moja sijawahi kulisikia. Dereva akaniambia, mama, hivi hatufiki.

Aliyekuwa na mikono imara pale ni mmoja tu, mume wangu, fundi seremala, na alikuwa amesimama getini amegeuza uso. Nilipomtaja, Mama akasema heri afe na shingo yake kuliko mkwe amshike kichwa. Akasema nimngoje Ephraim. Mwanangu ndiye atanishika, hivyo alisema.

Sasa nakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu isipokuwa padri. Niliinama sikioni mwa Mama nikasema: Mama, Ephraim amefika. Kisha nikaenda getini nikamvuta Stanslaus. Alikataa kwanza. Akasema Tereza, unanivua nguo mbele ya Mungu. Nikamwambia Mungu ndiye aliyekupa hiyo mikono. Akavua viatu, akapanda garini, akapiga magoti nyuma ya kichwa cha Mama, ambako hawezi kumwona, akakishika.

Njia nzima kutoka Butiama hadi Musoma hakutoa neno, maana sauti ingemsaliti. Kila mara gari liliporuka kwenye shimo, yeye alipokea kishindo kwa viwiko, kichwa hakikucheza. Na Mama, macho yamekodolea paa la gari, alikuwa anakubariki wewe. Aliomba mikono hii isikose chakula, aliomba watoto wako wakushike hivi uzeeni. Akauliza mbona mwanangu huongei. Nikasema analia, Mama. Hapo sikudanganya. Machozi ya mume wangu yalikuwa yanadondoka kwenye shati lake.

Daktari ameonyesha picha. Mfupa wa shingo umepasuka. Akasema huo mkando mmoja tu ungetosha kumlemaza mikono na miguu, au tungekuwa tunaongea habari za mazishi. Sasa amevalishwa kola ngumu, ganzi inapungua, jana ameshika rozari mwenyewe.

Lakini wodi nzima inajua habari za mwanawe aliyemshika kichwa. Ananiuliza kila saa umeenda wapi. Stanslaus analeta uji, anauacha mlangoni kwa muuguzi, anaondoka. Anasema nimwache Mama apone, yeye hahitaji baraka. Mimi nataka azipate, kaka. Ni za kwake.

Padri amesema ukweli lazima usemwe, Mama akipata nguvu. Nikisema mimi, ataona mwanawe nimemnyang'anya. Akisema Stanslaus, ni aibu juu ya aibu. Njoo Jumamosi. Mama atakushika mikono na kuanza kukubariki. Usipokee. Mwambie haikuwa wewe.

Nisalimie wifi na watoto wote, na jumuiya ya hapo Guta mtuombee. Bwana akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Tereza