Waya Uliokuwa Unaning'inia

Shoga, nimekwisha. Usinipigie, nitalia. Wewe soma tu.

Unakumbuka ile swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kugawa nyaya za intaneti, niliyochagua mwenyewe dukani, ili filamu za sebuleni zisikwame kila mume wangu anapokuwa na kikao cha video? Muuzaji alinisihi nichukue ile inayojilinda mtu akichomeka waya vibaya. Nikamcheka! Nani achomeke waya vibaya nyumbani kwangu?

Leo mume wangu yuko kwenye usaili wa kazi, kwa video. Nachungulia mlangoni, mara picha inaganda. Bosi mmoja kati ya wanaomhoji kaganda mdomo wazi. Mdomo wazi, shoga!

Nakimbilia swichi, taa zake zote zinapepesa kama zimepagawa. Waya mmoja, ncha zote mbili zimechomekwa humo humo! Mtandao unajizunguka wenyewe mpaka umekwama.

Mume wangu katoka mbio. "Si wewe uliyeichagua swichi hii?"

Nyuma yake baba mkwe, anatabasamu. "Mwanangu, nilikuta waya unaning'inia, nikauchomeka vizuri."

Ungesema nini wewe? Nimesema, "Ahsante, baba."

Nimeuchomoa. Mtandao umerudi. Wale waliokuwa wanamhoji hawajarudi.