Kisu Ulichonirudishia Makwale

Mpendwa Shangazi,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia. Barua hii siitii kwenye bahasha. Naiandika wazi, asome anayetaka, kuanzia Bondeni mpaka Makwale, kwa sababu kuna neno nilipaswa kulisema mbele za watu ukiwa hai, nikalimeza. Najua ungeniambia, "Acha kujizungusha, sema!" Nitasema, Shangazi. Lakini nipishe kwanza nikushukuru, maana nikianza na lile jingine sitafika popote.

Unakumbuka siku niliyotoka jela Mbeya? Nilishuka stendi ya Kyela na mfuko wa rambo, ndani mna kandambili na msuli mmoja. Mvua inamwagika kama kawaida yetu. Watu niliokua nao tangu utoto walinitazama, kisha wakaangalia pembeni. Ukatokea wewe na mwavuli wako uliovunjika mbavu mbili, ukanisalimia kwa sauti ya kusikika stendi nzima: "Ndaga, baba! Umekonda, lakini sura ni ileile ya kaka yangu, mbaya tu!" Nikacheka na kulia kwa pamoja. Sikuwa nimecheka kwa miaka miwili.

Kwa wasionijua, nilifungwa kwa bangi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu kawa mfanyabiashara. Huyu anavusha sabuni, yule mitumba, mwingine sukari, wote tunapita Katumba Songwe na mitumbwi kwenda na kurudi Malawi kwa ndugu zetu. Mimi nikaona sabuni inachelewesha. Kuvuta sikuvuta hata siku moja, na zamani nilikuwa najitetea kwa hilo. Wewe ndiye uliyenifunga mdomo: "Kwa hiyo wewe uliwapa wenzako sumu, mwenyewe ukala wali? Afadhali ungevuta."

Msikitini walinipokea kwa mdomo. Waalaikumu salaamu nilipata za kutosha. Ila safu ikipangwa, upande wangu wa kulia panabaki nafasi ya mtu mzima, na dini yetu inatutaka tuzibe nafasi, bega kwa bega. Nilikuwa nasujudu huku moyo uko kwenye ile nafasi. Swala gani hiyo?

Kilichoniuma zaidi ni kisu. Wageni wanaoisoma barua hii wajue kwamba kwetu Wakristo ni wengi na Waislamu tu wachache, na mtu akiwa na shughuli humwita Mwislamu amchinjie, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Kwa Makwale na vijiji vya jirani nilikuwa naitwa mimi. Nilipotoka jela hakuna aliyeniita. Wakawa wanamfuata mchinjaji mjini kwa baiskeli, wananipita mlangoni kwangu nimekaa. Maneno yalikuwa yamesambaa kwamba nyama ya mtu wa bangi ni haramu. Nani aliyetoa hiyo fatwa, Mungu ndiye anajua.

Kisha Mzee Asajile, jirani yako wa shamba la kakao, akawa anamwoza binti yake. Ukamwendea, sijui ulimwambia nini, akaniita. Nilinoa kisu tangu alfajiri. Ng'ombe kalazwa, kafungwa miguu, kaelekezwa kibla. Nikapiga goti. Ndipo Bwana Hamisi, yule muuza mitumba, akasema mbele ya watu wote, "Mzee Asajile, kwa heshima zote, akichinja huyu sisi hatuli."

Loo! Nilikaa pale na kisu mkononi, namtazama ng'ombe, na ng'ombe ananitazama mimi. Mzee Asajile wa watu akabaki anafuta jasho: "Jamani, mimi dini yenu siijui. Nilitakiwa kumwita Mwislamu, nimemwita. Sasa nifanyeje?"

Wewe ulikuwa na wanawake wenzako mnamenya ndizi. Ulinyanyuka, ukajifuta mikono, ukaja taratibu.

"Bwana Hamisi, mtu akifungwa anatoka kwenye Uislamu?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Lakini hafai kuchinja?"

"Hafai."

"Haya. Nipeni hicho kisu, nachinja mimi."

Palivyochafuka hapo! Mwanamke achinje ng'ombe? Wakamgeukia maalimu wa madrasa, wakitegemea atakukataza. Maskini maalimu, alikohoa mpaka nikamwonea huruma, halafu akasema kweli: "Mwanamke Mwislamu akichinja kwa jina la Mungu, inaliwa. Dini imeruhusu." Ukakaza khanga kiunoni, ukanyoosha mkono nikupe kisu. Wallahi ungechinja! Bwana Hamisi naye alijua ungechinja, na kwamba kabla ya adhuhuri Itungi yote ingejua kuwa wanaume wa Makwale walisimama wanatazama.

"Basi, basi! Achinje huyohuyo."

"Sijasikia."

"Nimesema achinje!"

Kwa hiyo, Shangazi, tuambizane ukweli: siku ile sikurudishiwa kisu kwa sababu walinisamehe. Nilirudishiwa kwa sababu walikuogopa wewe kuliko bangi. Nilisoma bismillahi kwa sauti, nikachinja. Nyama ilipoiva ulijipakulia wa kwanza, ukala umesimama, unawatazama mmoja mmoja, unasema, "Mtu ametubu, Mola wake amemfutia. Nyinyi mnaendelea kumwandikia, mmetumwa na nani?" Bwana Hamisi alikula sahani mbili.

Na hukuniacha nijione. Jioni ileile ukanikalisha: "Sasa toba ya Mungu umeshafanya, bado ya watu. Kesho nenda kwa wale uliowaumiza." Nilikwenda kwa yule mama wa Katumba Songwe ambaye mwanawe alivurugika akili kwa mzigo wangu. Mara ya kwanza alinifungia mlango. Ya pili akanitukana, na haki yake. Ya tatu akanipa kigoda, nikakaa, nikamwomba radhi. Bila wewe nisingekwenda hata hiyo ya kwanza. Leo nafungisha ndoa, nachinja, nasimama kwenye safu na watu wananibana mabega pande zote mbili mpaka joto. Ndaga fijo, Shangazi, asante sana. Ndaga fijo.

Haya, sasa lile neno.

Ile bangi niliibeba ndani ya magunia yako ya usipa, wale dagaa wa ziwani uliokuwa unauza. Askari walikuwa hawayapekui, wakijua ni mzigo wa mama wa swala tano. Mimi nililijua hilo. Sikuchagua magunia yako kwa bahati mbaya. Nilichagua jina lako nijifichie. Nilipokamatwa wakakuweka ndani siku tatu. Ulipotoka, hakuna aliyenunua tena usipa wako, ukaanza kukaanga vitumbua na kuanza maisha upya kwa umri ule. Mpaka unakufa kuna waliokuwa wananong'ona, "Yule bibi naye alikuwa anajua." Na mimi niliwasikia, nikanyamaza.

Siku moja nilikuuliza kwa nini huwaambii kwamba hukujua. Ukaendelea kugeuza vitumbua. "Kila nikilisema hilo nitakuwa nakurudisha jela. Wameshakujua kwa bangi, waongezewe kwamba ulimtumia shangazi yako? Mungu ananijua, inanitosha." Ulinisitiri kwa jina lako mwenyewe, na mimi nikakuacha ulale nalo likiwa chafu. Nilikwenda kuomba radhi mpaka Katumba Songwe. Kwako nilikuwa nakula kila siku, na sikuomba.

Nisamehe, Shangazi. Najua nimechelewa, na dua zangu kila baada ya swala hazinipi jibu lako.

Nanyi mnaosoma, sikieni vizuri, mkamwambie na asiyejua kusoma: hakujua. Hakujua kabisa. Magunia yalikuwa yake, bangi ilikuwa yangu, na aliyemdanganya ni mimi.

Mwana wa kaka yako